Kwa Nini Advera Harefuki

Risala ya Umoja wa Wazazi Kimo Chetu, Tabora, iliyosomwa na katibu, Mathias Zablon, siku ya kuanza kwa huduma ya vipimo vya ukuaji wa watoto

Mgeni rasmi, Daktari Dafrosa Mhoja, msimamizi wa mpango mpya wa vipimo vya vinasaba kwa watoto wa kanda yetu, viongozi wetu wa dini na wa serikali ya mtaa, wauguzi, wazazi wenzetu, na ninyi watoto mliokaa safu ya mbele ili muone vizuri. Wakubwa, shikamooni. Wadogo, tumewaona.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, tumefurahi umefika, na tumefurahi zaidi kwamba umefika mwenyewe bila kutuma mtu. Ukumbi huu tumeazimwa na parokia, viti vimetoka kwa ndugu zetu wa msikitini Gongoni, na maandazi utakayokula yamepikwa na kina mama wa pande zote mbili, kwa hiyo yakikukwama kooni hutajua umlaumu nani.

Sisi ni familia ishirini na tatu. Tuna watoto ishirini na sita ambao kimo chao hakilingani na umri wao. Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, barazani kwa Bi Kuluthumu, fundi cherehani, na wapo wenzetu wanaokuja kwa baiskeli kutoka Isikizya. Karibu kila mmoja wetu alipewa sababu nyingi za ufupi wa mwanawe kabla ya kupewa ile ya kweli. Wengine hiyo ya kweli bado hawajaipata.

Desturi ya risala ni kupanga takwimu. Nazo tunazo, zitakuja. Lakini kamati ilipokaa kuandika, tuliona utatuelewa upesi tukikusimulia yaliyompata mwenzetu mmoja, Katarina wa Ntalikwa, na bintiye Advera. Wote wawili wameturuhusu. Modest, baba wa mtoto, ameturuhusu pia, ingawa alituomba wiki nzima ya kufikiri.

TULIKOTOKA

Advera alizaliwa mwezi wa nne mwaka 2012, mtoto wa kwanza wa Katarina na Modest. Alizaliwa na kilo tatu kamili, akalia vizuri, akanyonya vizuri. Baba yake ni mrina asali, hutundika mizinga porini. Mama yake hulima karanga na mahindi. Chakula nyumbani hakikuwa cha kujivunia, lakini kilikuwepo.

Miaka miwili baadaye akazaliwa mdogo wake, Imakulata. Wasichana hao walikula sahani moja na kulala kitanda kimoja. Imakulata alipofika miaka minne walikuwa sawa mabegani. Alipofika mitano alikuwa amempita dada yake, na wageni wakawa wanamsalimu yeye kwanza.

Januari ya 2019 Katarina alimpeleka Advera kuandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu aliyekuwa mezani hakuuliza kadi ya kliniki. Alimwambia mtoto apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili, kama walivyopimwa wazee wetu. Advera akanyoosha vidole mpaka uso ukakunjamana. Havikufika.

"Huyu bado, Mama. Mrudishe mwakani," mwalimu akasema.

"Mwalimu, ana miaka sita na nusu. Kadi yake hii hapa."

"Mkono haudanganyi."

Mwaka uliofuata akampeleka tena, na mkono haukufika tena. Mwaka 2021 Imakulata alipofikia umri wa shule aligusa sikio lake kwa urahisi, akaandikishwa. Ndipo Katarina akakataa kuondoka pale mezani mpaka mwalimu mkuu alipoitwa na kusoma kadi. Advera akaanza darasa la kwanza akikaribia miaka tisa, dawati moja na mdogo wake, na darasa zima likadhani yeye ndiye mdogo.

Mgeni rasmi, kila mzazi aliyemo humu anayajua maneno aliyoambiwa Katarina miaka ile. Kliniki aliambiwa mtoto ana udumavu, ampe mayai, maziwa, dagaa na karanga. Akampa. Kuku wake wakawa wanataga kwa ajili ya mtu mmoja. Imakulata alipoomba yai aliambiwa asubiri la dada, na dada akaendelea kubaki palepale. Muuguzi mmoja alimtazama kwa jicho la mashaka, akamuuliza, "Una hakika unampa yeye?" Katarina alijibu kwamba ana hakika. Njiani kurudi nyumbani alijikuta anahesabu mayai ya mwezi mzima, kana kwamba kweli yuko mtu aliyekuwa akiyaiba.

Mama mkwe wake alisema ukoo wa kina Katarina ulificha jambo wakati wa posa. Majirani walisema yao, na mengine hayasomeki mbele ya watoto. Lililo jepesi zaidi ni kwamba sura ya mtoto haikufanana na upande wa baba, kwa hiyo kwanza waulizwe wanaojua baba ni nani.

Lakini neno lililomla Katarina hakuna aliyelisema. Alilisema mwenyewe, moyoni. Advera alipokuwa na miaka miwili alikuwa amelala mkekani mlangoni siku ya kubangua karanga. Mvua ikaanza ghafla, karanga ziko nje, Katarina akatoka mbio akamruka. Wote tumelelewa tukiambiwa mtoto akirukwa harefuki, na aliyemruka sharti arudi kumruka upande ule ule alikotokea. Siku ile, katika kukimbizana na mvua, Katarina alirudi ndani kwa mlango wa nyuma.

Alipokumbuka ilikuwa imepita miaka mitatu. Kuanzia hapo, kila Advera alipolala mchana, mama yake alihakikisha hakuna anayeona, akapandisha kanga, akamruka. Kisha akamruka tena, kwa kuwa hakuwa na hakika ni upande upi. Hakumwambia mumewe wala padri. Hakujua kama anaamini. Alijua tu kwamba hawezi kuacha.

BI KULUTHUMU NA DAFTARI LAKE

Watoto wote wawili walishonewa sare na Bi Kuluthumu. Januari ya 2023 Katarina alipowaleta kwa mara ya tatu, Bi Kuluthumu alimpima Imakulata, akaandika. Akampima Advera, akaacha kuandika. Alifungua kurasa za nyuma, akavaa miwani.

"Mama Advera, njoo uone. Mwaka juzi mkono wa huyu ulikuwa sentimita thelathini na saba. Mwaka jana thelathini na nane. Leo thelathini na nane na nusu."

"Huyu hali chakula vizuri, Bi mkubwa," Katarina akasema, kwa kuwa ndilo jibu alilozoea kulitanguliza.

"Nani kasema hali? Mtoto mwenye njaa nguo humpwaya. Huyu kifua kimejaa, mgongo unakwenda, kiuno kinakwenda. Mikono na miguu ndiyo iliyobaki nyuma. Mimi nimewashonea watoto wa mji huu miaka thelathini, mwanangu. Hili si jambo la mayai."

Katarina akakaa kwenye benchi la wateja, akalia. Bi Kuluthumu hakumbembeleza sana. Alisogeza cherehani, akachana karatasi, akanakili vipimo vyote vya miaka mitatu, vya dada na vya mdogo, na tarehe zake, akampa. "Peleka Kitete, hospitali ya mkoa. Usiwaambie chochote. Wape hii wasome."

Umoja wetu, mgeni rasmi, ulizaliwa katika karatasi hiyo.

Daktari Xavery, kijana aliyekuwa zamu siku hiyo, aliisoma mara mbili. Akampima Advera kwa utulivu, amesimama na ameketi: sentimita mia moja na kumi na nane, akiwa na miaka kumi na miezi tisa. Mdogo wake alikuwa na mia na ishirini na sita. Akaushika mkono wa mtoto, akautazama pale kwenye kifundo ulipopinda kidogo. Akatuma damu ipimwe tezi na figo, akapiga picha ya mifupa ya kiganja. Majibu yalipotoka salama yote, hakusema "mtoto hana kitu." Alisema, "Sasa nataka kumwona baba yake."

Modest alikuja na kofia mkononi. Ni mtu mfupi, mpana wa mabega, anayejua kupanda mti kuliko wote Ntalikwa. Daktari alimwomba anyooshe mikono, akaipima, akaandika. Kisha akawaeleza wote wawili kwamba ndani ya damu ya kila mtu kuna vinasaba, maelekezo ambayo mwili huyafuata unapojijenga, na kwamba mtoto hupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama. Pengine elekezo moja la mifupa ya Advera lilikuwa na kasoro. Kulijua kunahitaji damu ya mtoto na ya wazazi wote, na damu hiyo itasafiri mbali.

Katarina alitoa mkono palepale. Modest alisema ana mizinga ya kukagua, akaondoka.

Alikaa porini wiki tano. Aliporudi, mkewe alimpokea mizigo. Alimwekea maji ya kuoga na ugali, akakaa naye. Ndipo mwanaume akasema, "Wakikuta ni mimi, nitamtazamaje yule mtoto? Mimi najua maisha ya kimo hiki. Najua wanavyokuita sokoni."

Aliyejibu ni Advera, aliyekuwa anaosha sahani karibu yao na alisikia. "Baba, nami nayajua. Naitwa hivyo hivyo. Daktari anasema bila damu yako atapata nusu ya jibu. Mimi nusu siitaki."

Modest alimaliza kula. Asubuhi walipanda baiskeli, baba na binti, wakaenda Kitete.

Damu hiyo ikashika njia ile ile ya mashariki waliyoshika wapagazi wa Kinyamwezi na pembe za ndovu mabegani, na haikwenda kwa kasi kubwa kuliko wao. Sampuli ya kwanza iliharibika njiani kwa joto. Wakatolewa damu upya. Ya pili ilifika Dar es Salaam, ikavuka bahari, ikangoja zamu yake. Kutoka siku Katarina aliponyoosha mkono mpaka jibu kurudi ilipita miezi ishirini.

Siku ya jibu, Novemba ya 2024, walikaa wanne katika chumba kidogo: Daktari Xavery, Katarina, Modest na Advera. Daktari hakuharakisha. Alisema jeni moja inayosaidia mifupa mirefu kukua imepungukiwa, kwamba si ugonjwa wa kuambukiza wala wa njaa, kwamba akili na moyo wa mtoto viko sawa. Kisha akasema upungufu huo umetoka kwa baba, naye bila shaka aliupata kwa wazazi wake.

Modest aliweka kofia yake mezani. Halafu akasema taratibu, "Basi ni wangu."

Waliokuwepo wanatuambia hawakujua mara moja kama alisema upungufu ni wake au mtoto ni wake. Alimvuta Advera kwa bega, akamlaza ubavuni pake, na hapo ikajulikana.

Katarina alikuwa bado na swali. Alilisema kwa sauti ndogo, akilitazama dirisha. "Daktari, kwa hiyo si kwa sababu nilimruka?"

Daktari Xavery hakucheka. Mama yake mwenyewe ni mtu wa Sikonge, imani ya kurukwa anaijua. Akajibu, "Hapana, mama. Alikuwa hivi kabla hujamzaa. Hukumfanya kitu."

Wiki hiyo mama mkwe alisimuliwa. Akaanza kukumbuka: mumewe, shemeji yake, na babu wa mumewe aliyekuwa mpagazi, ambaye Wanyamwezi wenzake walimpa jina lenye maana ya mfupi. Kesho yake alikwenda jikoni kwa Katarina bila kubisha hodi, akashika kisu, akaanza kumenya viazi naye. Viazi vilipokwisha akasema, "Mkwe wangu, nimekutwika mzigo wa nyumba yetu miaka yote hii. Nisamehe, utue."

"Nimeshautua, mama," Katarina akamjibu.

TULICHOVUNA

Mgeni rasmi, baada ya Katarina wengine tulifuata. Hadi leo watoto tisa kati ya ishirini na sita wamepimwa vinasaba. Sita wamepata jibu. Msichana mmoja alikutwa amepungukiwa kromosomu, na kwa sababu hiyo moyo wake ukachunguzwa na kukutwa na tatizo lililowahiwa. Mtoto wa mwenzetu Masele wa Isikizya hata hakufika kwenye vinasaba: ilikuwa tezi ya shingo, anameza kidonge kila asubuhi, na suruali aliyoshonewa Pasaka sasa ni ya mdogo wake. Watatu walipimwa na jeni haikuonekana. Tumejifunza kuwaambia wazazi wao kwamba hilo nalo lina faida, maana linafunga milango ya uongo.

Na yupo Asmahani, binti wa Sadiki, fundi baiskeli wa Ng'ambo. Ana miaka mitano. Yeye mwili wake hautengenezi homoni ya kukuza. Mwaka jana ilipatikana nafasi moja ya msaada wa sindano za homoni, moja tu kwa mkoa mzima, na majina yaliyofaa yalikuwa mawili: Advera na Asmahani.

Jina la Advera lilitangulia. Lakini alikuwa ametimiza miaka kumi na mitatu, na picha ya mifupa ilionyesha imeanza kufunga. Daktari aliwaeleza wazazi wake kweli yote: sindano kila siku kwa miaka miwili zingempa sentimita mbili au tatu. Asmahani angepata kimo cha mtu mzima. Daktari akasema uamuzi ni wa familia, na kwamba wakisema ndiyo hakuna atakayewalaumu.

Katarina na Modest hawakutaka kuamua bila yeye. Walimweleza kama walivyoelezwa. Advera alilia siku mbili. Siku ya tatu alinawa uso, akatoka nje, akamwambia baba yake, "Wampe yule mdogo. Ila msiende kusema kwa watu kwamba nilifurahi."

Kwa hiyo hatusemi alifurahi. Tunasema alitoa.

Asmahani ameongezeka sentimita nane kwa miezi tisa. Nyumbani kwao hakuna jokofu, dawa yake inakaa katika jokofu la duka la jirani, katikati ya soda, na mwenye duka amebandika karatasi: "Hii haiuzwi." Jumamosi Advera hufika mjini, na sindano ya siku hiyo Asmahani haikubali mpaka ashikwe mkono na yeye.

YANAYOTUKWAZA NA TUNAYOOMBA

Mgeni rasmi, yanayotukwaza umeyasikia ndani ya simulizi, hatutayarudia. Tunaomba yafuatayo.

Damu ya watoto wetu itolewe hapa Tabora na isafirishwe kwa baridi inayoaminika, na mzazi aambiwe iko wapi. Miezi ishirini kwa mtu mzima ni subira. Kwa mifupa ya mtoto wa miaka kumi na moja ni mlango unaofungwa.

Kliniki zetu zipime urefu kila mara zinapopima uzito, na namba hizo ziandikwe. Haipendezi kwamba kwa miaka mitatu aliyejua ukuaji wa Advera kuliko sisi sote ni fundi cherehani, ingawa tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Bi Kuluthumu, tunajua hupendi kutajwa. Vumilia.

Tunaomba neno lako kwa wenzako wa elimu, ili mtoto aandikishwe kwa tarehe yake ya kuzaliwa, si kwa sikio.

Tunaomba pia mtu aliyefundishwa kutoa majibu haya. Jibu la vinasaba likitolewa kwa haraka linaweza kuvunja nyumba: litampata baba peke yake, au mama peke yake, na aliyeelezwa nusu atalijaza mwenyewe. Kina Katarina walikalishwa pamoja na mtoto wao akiwemo. Tunataka kila familia ikalishwe hivyo.

Na dawa. Tunajua ni ghali na tunajua si wewe unayepanga bei. Tunaomba tu isije tena siku ambayo watoto wawili wanatazamana juu ya nafasi moja.

HITIMISHO

Mwezi uliopita tulipokuwa tumekaa barazani, alifika mama mmoja tusiyemjua, kutoka mbali huko magharibi, amembeba mgongoni mtoto ambaye tulidhani ana miaka miwili. Ana miaka mitano. Hakuingia. Alisimama pembeni mwa baraza akauliza, "Samahani, hapa ndipo mnapojua kwa nini?"

Katarina ndiye aliyeinuka. Alimwambia, "Bado hatujui, dada yangu. Lakini hapa hatuulizi umemfanya nini. Pita ukae."

Leo amekuja. Amekaa safu ya tatu, na hatutamtaja jina wala kumwonyesha kwa kidole. Mgeni rasmi, utakaposimama kutujibu, sisi wengine tumezoea kungoja. Tunakuomba useme na yeye.

Mwenyezi Mungu akutunze, ailinde mikono ya wauguzi wetu, awape watoto hawa umri mrefu, na kimo chochote alichowakadiria kiwe cha kuheshimika. Karibu tena Tabora.

Ni sisi,
Umoja wa Wazazi Kimo Chetu
Ntalikwa, Kitete, Gongoni, Ng'ambo na Isikizya